Kimea, joto na mtama: kwa nini pombe yako ya pili ilibaki uji

Swali: Shikamoo mwalimu. Natengeneza bia kidogo kidogo hapa Njombe, kwa kujifunza, kabla sijaomba leseni. Mara ya kwanza nilitumia kimea cha shayiri peke yake, kilo tano, nikakiloweka kwenye maji ya nyuzi 67 kwa dakika 90. Nilitegemea haidromita (kipimo cha sukari iliyoyeyuka, ambacho kwenye maji matupu husoma 1.000) isome 1.050, ikasoma 1.044. Baada ya kuchachuka ikashuka mpaka 1.005. Bia ni kavu, haina uzito mdomoni, wakati niliambiwa nyuzi 67 zinaacha utamu. Mara ya pili nusu ya shayiri niliibadilisha kwa kimea cha mtama nilichootesha mwenyewe, mambo mengine yote yale yale. Ikasoma 1.026, nzito, haichujiki, na ukionja unasikia unga. Kipimajoto ni kizima: nilikitia kwenye maji yanayochemka nikakirekebisha kikasoma 100 kamili. Je, vimeng'enya vya kimea changu vimekufa? Nianzie nyuzi 50 kama wanavyofanya wengine? Au niache saa tatu?

Jibu: Marahaba. Vimeng'enya vyako havijafa. Kilichokuangusha ni ile sentensi uliyoiandika kwa kujiamini kuliko zote, ya kipimajoto.

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, huko kwenye usawa wa bahari. Ukipanda mlima hewa inapungua uzito, na maji yanawahi kuchemka: hesabu ya haraka ni nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria yako ilikuwa inatokota kwenye nyuzi 93 na kidogo. Kipimajoto kikasema kweli, nawe ukakishika nati ya nyuma ukakilazimisha kisome 100. Tangu siku hiyo kinaongeza nyuzi sita hadi saba kwenye kila kipimo. Zile 67 zako zilikuwa 60, au 61 ukiwa na bahati.

Kirekebishe hivi. Ponda barafu ijae kikombe, tia maji kidogo tu ya kujaza nafasi, koroga, zamisha ncha ya kipimajoto usubiri dakika tatu. Pale pawe sifuri, iwe Njombe iwe Bagamoyo. Kisha chukua kipimajoto cha homa, kiweke pamoja na hicho kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 38 au 39, uone kama vinaelewana. Vikielewana kwenye sifuri na kwenye 39, kwenye 65 hakitakuwa mbali. Maji yanayochemka yaache mpaka utakapokuwa na jedwali la mwinuko mkononi.

Utauliza: nyuzi sita tu zimewezaje kuikausha pombe ya kwanza na kuigeuza ya pili kuwa uji? Kulijibu hilo itabidi tuingie ndani ya punje.

Wanga ni glukosi nyingi zilizoshikana. Sehemu ndogo, kama robo, ni minyororo mirefu iliyonyooka kiasi, inaitwa amilosi. Sehemu kubwa ni amilopektini, ambayo ina matawi, na kila tawi lina matawi yake. Chachu haina habari na vitu hivyo. Chachu ya bia inakula glukosi, inakula maltosi (glukosi mbili zilizoungana), na nyingi zinakula maltotriosi, yaani tatu. Kipande kikizidi hapo kinaitwa dekstrini. Chachu inakipita, kinabaki kwenye bia, na hicho ndicho kinachotoa uzito mdomoni unaoutafuta. Kwa hiyo unapoloweka kimea kwenye maji moto swali zima ni moja: wanga wako utakatwa vipande vya ukubwa gani, na kwa mgawanyo upi?

Wakataji ni vimeng'enya. Hivi ni protini, na kila kimoja kina umbo linaloshika kiungo cha aina fulani tu. Kinakata, kinaachia, kinahamia kiungo kingine, chenyewe hakiliwi na kazi hiyo. Ndiyo maana kimea kidogo kinaweza kuyeyusha wanga mwingi kuliko uzito wake. Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walilionyesha hilo mwaka 1833: walichukua maji ya kimea cha shayiri, wakatia pombe kali, ikajitenga chembechembe nyeupe ambayo ukiitia kwenye uji wa wanga inauyeyusha. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa na mwanadamu, na kilitoka kwenye kimea. Sayansi ya vimeng'enya, kwa sehemu kubwa, ni mtoto wa watengeneza bia.

Kwako wewe muhimu ni viwili. Alfa amilesi anakata mnyororo mahali popote katikati. Dakika chache tu za kazi yake zinatosha uji mzito kulainika, kwa sababu minyororo mirefu imekuwa mifupi. Beta amilesi yeye anaanzia nchani, anatoa glukosi mbili, anasogea, anatoa mbili nyingine. Chukua mtu anayekula muwa kuanzia ncha, pingili mbili mbili, na mwenzake aliyeshika panga anaukata popote. Huyo wa panga halishi mtu sana, lakini kila pigo lake linampa mwenzake ncha mpya ya kuanzia. Beta akifika kwenye tawi anakwama, hawezi kulipita, na alfa pia hakati kwenye tawi lenyewe. Kipo kimeng'enya cha tatu kinachokata matawi, lakini kwenye kimea kingi kinakuwa kimezuiwa na kinaharibika upesi kwa joto, kwa hiyo usikitegemee sana. Matawi yaliyobaki ndiyo dekstrini zako.

Sasa joto. Watu wengi wamefundishwa kwamba kila kimeng'enya kina nyuzi zake kinazopenda, kana kwamba kikifika hapo kinawashwa na kikitoka kinazimwa. Si hivyo. Joto linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Linaongeza kasi ya kukata, kwa sababu kila kitu kinagongana haraka zaidi. Na linaifumua ile protini mpaka umbo lake linapotea, nayo ikishafumuka hairudi. Hizo nyuzi zinazoandikwa vitabuni ni mahali ambapo kasi imepanda lakini kifo bado hakijaipiku, na hilo linategemea umekaa hapo muda gani.

Beta amilesi wa shayiri anafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65. Kwenye 65 anakata kwa kasi huku anakufa, na baada ya saa moja nguvu nyingi imekwisha. Kwenye 70 anamalizika ndani ya dakika chache. Alfa ni mgumu zaidi: anaipenda 70 hadi 75, anavumilia dakika kadhaa hapo, na anaharibika upesi akifika 80. Kimsaidiacho alfa ni kalisiamu, ambayo inalishikilia umbo lake. Maji laini kama ya milima ya kwenu hayana nyingi, na kijiko kidogo cha jasi au cha kalisiamu kloridi ya chakula kwenye maji yote hakina hasara.

Rudi kwenye pombe yako ya kwanza. Ulikuwa kwenye 60 na kitu kwa dakika 90. Beta hakuwa na haja ya kufa. Alikaa saa moja na nusu akitoa maltosi bila kusumbuliwa. Alfa alikuwa anafanya kazi pia, polepole, akimpa ncha. Matokeo: karibu kila kilichoyeyuka kikawa sukari ya kuchachuka, na chachu ikaifikisha 1.005. Kutoka 44 hadi 5, imekula karibu asilimia 89. Kwa nyuzi 67 za kweli ungetarajia asilimia 72 hadi 76 kwa chachu ya kawaida, yaani uishie kwenye 1.011 au 1.012. Ukavu wa bia yako ni ushahidi kwamba beta alikuwa mzima kabisa. Mtu ambaye vimeng'enya vyake vimekufa anapata kinyume: bia tamu isiyoshuka.

Na zile pointi sita zilizopungua, 1.044 badala ya 1.050? Hapo ndipo linapoingia jambo la pili, ambalo ndilo lililoua pombe ya mtama.

Kimeng'enya hakiwezi kukata wanga ambao hakijaufikia. Ndani ya punje wanga haukai wazi. Umefungwa kwenye chembe ndogo, zimebanana na kukauka, hata maji hayapenyi vizuri. Ukiupasha joto pamoja na maji, kuna mahali chembe zinaanza kuvimba, zinapasuka, na minyororo inamwagika majini. Ndiyo kuiva kwa unga, jambo ambalo kila aliyesonga ugali ameliona: maji meupe ya unga yanakaa vile vile, mara ghafla yanashika. Kabla ya hapo vimeng'enya vinagusagusa tu juu ya chembe. Baada ya hapo kazi inakwenda kwa kasi ya mara nyingi.

Wanga wa shayiri unaiva kati ya nyuzi 58 na 65 hivi. Chembe kubwa zinatangulia, zile ndogo ndogo zinachelewa, na shayiri iliyojazia punje wakati wa jua kali huchelewa zaidi. Kwenye 60 yako chembe kubwa zilipasuka, nyingi za ndogo zikabaki zimefunga. Zikatoka na makapi. Hizo ndizo pointi zako sita.

Wanga wa mtama unaiva kati ya nyuzi 68 na 78, ukitofautiana kidogo kwa mbegu. Soma namba hizo pamoja na zile za beta amilesi hapo juu. Mtama unaanza kuiva mahali ambapo beta anakufa. Ukikaa chini, kwenye 62 au 65, mkataji yupo lakini wanga umefunga. Ukipanda hadi 75 wanga umefunguka lakini mtoa maltosi ameshakufa, umebaki na alfa peke yake, unapata dekstrini nyingi na sukari kidogo. Hakuna nyuzi moja inayofaa vyote viwili, na hata kipimajoto chako kingekuwa sahihi, ile 67 bado isingekuokoa. Kwenye 60 ulikuwa unaloweka unga tu. Ulipopandisha joto baadaye kwa ajili ya kuchuja na kuchemsha, wanga ukaiva wakati huo, ukashika, na hapakuwa na mtu wa kuukata. Ndiyo uji, ndiyo ule unga mdomoni.

Tena mtama una shida ya ziada. Shayiri inazaliwa na beta amilesi tayari ndani ya punje kavu, imehifadhiwa. Kuotesha kunamfungua tu. Alfa ndiye anayetengenezwa upya wakati wa kuota, kiini kikituma ishara kwenye tabaka la nje ya punje. Mtama hauna akiba ya beta ya namna hiyo, na hata ukiota unatengeneza kidogo ukilinganisha na shayiri. Kimea cha mtama kina alfa ya kutosha, beta haba. Kwa hiyo shayiri yako nusu ina kazi ya kuwahudumia wote wawili, na inaiweza, mradi uisaidie kwa mpangilio.

Mpangilio huo haukuanzia chuo chochote cha Ulaya. Mtazame mama anayetengeneza togwa. Anapika kwanza uji wa mahindi au mtama, mzito, mwiko unasimama. Anauipua, anauacha upoe mpaka mkono unavumilia. Ndipo anatia unga wa kimea cha ulezi, mbichi, haujapikwa, na kukoroga. Simama karibu uangalie mwiko: mwanzo unasukuma kwa nguvu, dakika chache baadaye unaanza kulegea, mara unazunguka wenyewe, uji umekuwa wa kunyweka na umepata utamu ambao hakuna aliyeutia. Huyo ni alfa amilesi mbele ya macho yako, akifuatwa na beta. Kupika kumefungua wanga wote, kupoza kumewalinda wakataji. Kanuni hiyo hiyo ndiyo Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa ikiihimiza kwenye uji wa watoto, kutia kimea ili uji wenye unga mwingi uwe mwepesi wa kumeza.

Wanaopika busaa Magharibi mwa Kenya wanafanya vivyo hivyo kwa moto mkavu: unga wa mahindi uliolowa na kuchacha unakaangwa kwenye bati mpaka uwe wa kahawia, maana yake umeiva, kisha ndio unachanganywa na maji na kimea kibichi cha wimbi, yaani ulezi. Mbege ya Wachaga ni habari nyingine. Pale sukari inatoka kwenye ndizi mbivu, ambazo zimeshaugeuza wanga wake zenyewe zikiwa zinaiva kwenye mkungu, na ulezi unapikwa, kwa hiyo usiichukue kama mfano wa jambo hili.

Viwandani nako walikutana na ukuta ule ule. Nigeria ilipozuia kimea cha shayiri kutoka nje mwaka 1988, viwanda vikubwa vya bia vililazimika kutumia mtama na mahindi, na suluhisho lao likawa vimeng'enya vya kununua: alfa amilesi wa bakteria anayestahimili joto la nyuzi 85 na zaidi, ambaye anakata wanga ukiwa unaiva, halafu kimeng'enya cha ukungu cha kumalizia sukari. Uganda nako Eagle Lager iliingia sokoni mwaka 2002 kwa mtama wa mbegu ya Epuripur, ambao ni mweupe. Unaweza kununua vimeng'enya hivyo, vinapatikana. Binafsi kwa mtu anayejifunza na mwenye shayiri nusu nisingependekeza. Utapata bia lakini hutajua nani ameitengeneza.

Fanya hivi, kwa kilo mbili na nusu za kila kimea.

Saga kimea cha mtama, ukiloweke kwenye lita nane za maji ya nyuzi 45 kwa dakika 40. Joto hilo ni dogo, wanga hauguswi, lakini vimeng'enya vinayeyuka na kuingia majini. Acha kitulie. Unga utazama, juu yatabaki maji yaliyochafuka kidogo yenye rangi ya chai ya maziwa. Teka lita tatu za maji hayo polepole bila kutibua, uyaweke pembeni kwenye ndoo safi. Hayo usiyapashe. Ndani yake ndimo ilimo nguvu ya kimea chako cha mtama.

Kilichobaki kwenye sufuria ongeza lita tatu za maji, upashe ukikoroga hadi nyuzi 72, ushikilie hapo robo saa. Bado kuna alfa aliyebaki ndani ya unga, naye atakulainishia uji wakati unaanza kuiva, vinginevyo utaungua chini. Kisha chemsha nusu saa nzima. Usiwe na wasiwasi kwamba Njombe unachemka kwenye 93. Kwa mtama hizo zinatosha na zinabaki.

Wakati huo chukua kimea cha shayiri kilichosagwa, kitie kwenye yale maji uliyoyateka, ongeza lita tatu za maji ya kawaida, koroga. Sasa mimina uji wa moto ndani ya kimea, kidogo kidogo, ukikoroga na kuangalia kipimajoto. Usifanye kinyume. Ukitia kimea ndani ya uji wa nyuzi 85, beta atakuwa amekufa kabla hujamaliza kumwaga mfuko. Ukimwaga uji ndani ya kimea, joto linapanda taratibu kutoka chini na unasimama unapotaka. Simama kwenye 64. Kama uji umebaki, uupoze ndipo uutie. Kama umekwisha na joto halijafika, washa moto mdogo chini na ukoroge bila kuacha. Funika, zungushia blanketi, uache saa moja. Mwisho pandisha hadi 72 kwa dakika 20, alfa amalizie vilivyobaki, kisha chuja kikiwa cha moto.

Kuchuja kutakuwa kugumu kuliko shayiri tupu hata ukifanya yote sawa, kwa sababu punje ya mtama haina ganda la nje la kutengeneza chujio. Maganda ya shayiri yatakusaidia nusu. Konzi kadhaa za makapi ya mpunga yaliyooshwa vizuri zitakusaidia nusu iliyobaki.

Namna ya kujua kama kazi imekamilika ni tone la iodini, ile ya kahawia ya kusafishia vidonda. Weka kijiko cha maji ya kimea, bila makapi, kwenye sahani nyeupe iliyopoa, dondoshea. Ikigeuka buluu iliyokolea au nyeusi, wanga bado upo. Ikiwa ya wekundu wa zambarau, umebaki na minyororo ya kati, subiri. Ikibaki ya kahawia vile vile, tayari. Kimwage hicho kijiko, usikirudishe sufuriani. Makapi yenyewe yatakuwa meusi hata kazi ikiisha, kwa hiyo yasikutishe.

Kuhusu nyuzi 50: achana nazo. Zilikuwa na maana zamani, kimea kikiwa hakijaota vya kutosha na ute wa punje unahitaji kuvunjwa kwanza. Kimea cha shayiri cha kiwandani cha siku hizi kimeshavunjwa wakati wa kuota, na ukikikalisha hapo muda mrefu unakata protini zinazoshika povu. Kuhusu saa tatu: muda unasaidia pale tu mkataji akiwa hai na wanga ukiwa wazi. Kwenye 60 yako, saa tatu zingeikausha bia ya shayiri zaidi na zisingeufungua mtama hata punje.

Uchachu wa maji nao una neno, kwa kifupi. Vimeng'enya vyote viwili vinapenda pH ya 5.2 hadi 5.6, na kimea chenyewe kwa kawaida kinayashusha maji laini hadi karibu na hapo. Karatasi za kupimia zinatosha kwa sasa. Kipimo hicho cha pH, kama hukujua, kilibuniwa mwaka 1909 na Sørensen kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, akihangaika na vimeng'enya kama sisi.

Kimea chako cha mtama ulichootesha kina mambo matatu ya kuangalia kabla hujarudia. La kwanza ni mbegu. Wakulima wanaosumbuliwa na kwelea kwelea hupenda mtama wenye tanini nyingi kwa sababu ni mchungu, ndege wanauacha. Tanini hiyo hiyo inashikana na protini, na vimeng'enya ni protini, kwa hiyo inavifunga ndani ya sufuria yako. Rangi nyekundu peke yake haithibitishi. Kwangua punje kwa ukucha uone kama chini ya ganda kuna tabaka la kahawia iliyokolea. Ukiliona, tafuta mbegu nyingine, nyeupe ikiwezekana. La pili ni ukaushaji. Kimea kibichi kikipata moto mkali kikiwa bado na maji mengi, vimeng'enya vinaungua. Kianike juani kwenye tabaka jembamba, ukigeuze, kikauke kwanza. Kimea kilichokauka kinavumilia joto ambalo kibichi hakiwezi. Kikiota ukungu, kitupe chote, usichague punje.

La tatu si la ladha. Vichipukizi na vijizizi vya mtama vina kitu kinachotoa sianidi vikipondwa, ndiyo maana wafugaji hawaachii ng'ombe kwenye mtama mchanga. Kimea kikishakauka kisugue kwa mikono ndani ya gunia, upepete mpaka mizizi na vichipukizi vyote vitoke, ndipo usage. Usivitumie kwa mifugo.

Ukirekebisha kipimajoto na kufuata mpangilio huo, pombe ya shayiri tupu kwenye 67 za kweli itaishia kwenye 1.012 hivi. Ile ya nusu kwa nusu ianzie 1.040 au zaidi. Ikishindwa kufika hapo na iodini imebaki ya kahawia, wanga umekwisha kukatwa na tatizo liko kwenye kusaga au kwenye kuosha makapi. Ikiwa iodini imekuwa buluu, niandikie ukiniambia rangi ya mtama wako chini ya ganda na ulivyoukausha.